Fundi Aliyemwachia Mwenzake Nafasi

Katika kompyuta nyingi zinazotumika leo kwenye ofisi na shule za Pangani, diski ya ndani hutambulishwa kwa herufi C, ingawa A na B hazionekani popote. Herufi hiyo ni urithi wa miaka ambayo kompyuta ndogo haikuwa na diski ya ndani bali nafasi mbili za kutumbukizia diski laini, A na B, hivyo diski ngumu ilipokuja ikapewa herufi iliyofuata. Urithi wa namna hii umejaa katika mfumo endeshi, yaani programu inayopakiwa kwenye kumbukumbu kompyuta inapowashwa, ikapokea amri, ikagawa kumbukumbu, ikapanga mafaili na kuzihudumia programu nyingine zote. Anayeuchunguza kwa makini hukutana na ufundi unaostahili sifa, kwa kuwa kila kinachoonekana kuwa kioja ndani yake kilikuwa jibu la tatizo la kweli.

Mwaka 1974 Gary Kildall, mwalimu katika chuo cha jeshi la majini la Marekani huko Monterey, aliandika mfumo ulioitwa CP/M kwa ajili ya kichakataji cha Intel 8080, ambacho hakikuweza kufikia zaidi ya kilobaiti 64 za kumbukumbu. Katika toleo la 2.2, sehemu iliyosoma amri za mtumiaji ilichukua kilobaiti 2 tu, nayo iliyosimamia mafaili kilobaiti 3 na nusu. Tena ile ya kwanza ilikubali kufutwa na programu yoyote iliyohitaji nafasi yake, kisha ikasomwa upya kutoka kwenye diski kazi ilipokwisha. Hata hivyo, jambo kubwa zaidi alilofanya Kildall halikuwa kubana nafasi. Alipohitaji kuuhamishia mfumo wake kwenye kompyuta ya IMSAI, alizikusanya mahali pamoja amri zote zilizotegemea umbo la mashine, yaani namna ya kusoma diski, kibodi na skrini, akaiita sehemu hiyo BIOS, ili mtengenezaji wa mashine nyingine aandike hiyo peke yake na kuyaacha mengine kama yalivyo. Kama ilivyo kwa jahazi, ambalo abiria hulisifia tanga ilhali mjuzi wa vyombo huinama kuutazama mkuku na mataruma, uzuri wa kazi hii umo mahali ambapo mtumiaji hana sababu ya kupaangalia.

Mtumiaji wa CP/M aliyebadilisha diski bila kubonyeza Ctrl na C alikatazwa kuandika chochote, jambo lililowaudhi wengi. Sababu ilikuwa uangalifu: ramani ya nafasi zilizo wazi za diski ya zamani ilikuwa bado imo kwenye kumbukumbu, na kuandika kwa kuifuata kungeharibu mafaili ya diski mpya. Vivyo hivyo, mfumo ulihesabu urefu wa faili kwa mafungu ya baiti 128, hivyo maandishi yaliyoishia katikati ya fungu yalihitaji alama ya kuonyesha mwisho wake, nayo ikawa Ctrl na Z.

Mwaka 1980 Tim Paterson wa Seattle Computer Products aliandika mfumo wa kichakataji kipya cha 8086 akifuata mwenendo wa CP/M. Microsoft iliununua, na mwaka 1981 ukatoka pamoja na kompyuta ya IBM, kisha ukajulikana duniani kwa jina la MS-DOS. Majina ya mafaili yalibaki na herufi nane na kiambatisho cha herufi tatu, kwa hiyo faili la kijiji cha Kipumbwi lingetimiza nane kamili, ilhali la kata ya Pangani Mashariki lingelazimika kufupishwa. Toleo la 2.0 la mwaka 1983 lilipoleta saraka, yaani makasha ya mafaili yaliyomo ndani ya makasha mengine, alama ya mkwaju ilikuwa imekwisha kutumika katika amri, ndipo njia ya faili ikaandikwa kwa mkwaju ulioinamia upande wa pili, na hivyo ndivyo inavyoandikwa hadi leo katika Windows.

Tanzania, iliyoanza kutumia kompyuta mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, mwaka uleule wa CP/M, hivyo maamuzi haya yalifanyika mbali na Watanzania. Hata MS-DOS ilipokuja, maneno ambayo ilimjibia mtumiaji yalikaa ndani ya programu yenyewe, na msimbo wake, yaani maandishi ya asili ya programu, haukuwa wazi kwa umma, hivyo haikuwa rahisi kwa mtu wa nje kuyatafsiri.

Mwaka 2004 mambo yalikuwa tofauti. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, bila kumwomba mwenye kampuni ruhusa, kwa kuwa programu huria huacha msimbo wake wazi, na maneno ya kumjibu mtumiaji yalikuwa yametengwa na amri za mashine. Kutenga huku ni ndugu wa kule kwa Kildall: katika hali zote mbili, fundi wa kwanza alikiri kwamba hajui mashine zote wala watu wote watakaoitumia kazi yake, akamwachia fundi wa pili mahali pa kuanzia. Kijana wa Tanga au Pangani anayejifunza kuandika programu leo ana kumbukumbu kubwa maelfu ya mara kuliko kilobaiti 64, wala hana haja ya kubana baiti. Lakini swali la wapi atenge, na nini amwachie mwingine akikamilishe, lingali lake, na jibu lake ndilo litakaloamua kama kazi yake itatumiwa na watu asiowafahamu.