Roho Isiyojibu: Tahakiki Fupi ya The Book of Secrets

Katika toleo hili tumechagua riwaya iliyoandikwa kwa Kiingereza, na tunajua baadhi ya wasomaji watauliza inatafuta nini katika jarida la Kiswahili. Jibu letu ni kwamba wahusika wake wengi wanaishi, wanapendana na kugombana kwa Kiswahili, hata kama msimulizi ameyaandika yao kwa lugha nyingine. Riwaya ni The Book of Secrets ya M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam. Ilitoka mwaka 1994, ikawa ya kwanza kupata Tuzo ya Giller ya Kanada.

Msuko una nyakati mbili. Mwaka 1988, Pius Fernandes, mwalimu mstaafu jijini Dar es Salaam, anapewa shajara kuukuu iliyopatikana dukani. Iliandikwa kuanzia 1913 na Alfred Corbin, afisa wa Kiingereza katika Kikono, mji wa kubuni karibu na mpaka wa makoloni ya Waingereza na Wajerumani. Huko yuko Mariamu, msichana anayesemekana ana shetani, naye anapungwa kwa ukali. Anaolewa na Pipa. Mume ana shaka na ubikira wake, kisha anazaliwa mtoto mwenye macho ya kijivu. Vita vinakuja, Mariamu anauawa, na shajara aliyoiiba inabaki mikononi mwa Pipa, mtu asiyejua kusoma. Kwake si kitabu tena bali ni mzimu, mahali pa kuzungumza na marehemu mkewe.

Wanafunzi wetu wa Koboko hawakuhitaji kuelezwa Kikono ni mahali pa namna gani. Wakakwa wamegawanywa na mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na West Nile yenyewe iliingizwa Uganda mwaka 1914, baada ya kupitia mikono ya Mfalme Leopold na utawala wa Sudan. Wala hawakushangazwa na roho. Rembe, nabii wa Kikakwa aliyegawa maji ya Yakan, aliuawa na wakoloni huko Yei mwaka 1917, na miaka miwili baadaye bado Walugbara waliinuka kwa jina la maji hayo.

Hapa ndipo tunapotofautiana na mwandishi. Kuunganisha nyakati mbili kwa roho ya mwanamke ni jambo zuri, tena halina mbwembwe: hakuna milango inayogonga usiku wala taa kuzimika. Lakini katika imani ya jadi ya Walugbara, mzee aliyefariki akileta maradhi nyumbani, mpiga ramli huulizwa ni nani aliyekasirika na kwa sababu gani. Marehemu ana madai. Mariamu hana. Corbin anaandika, Pipa anaabudu, Fernandes anachunguza, na yeye anabaki kitendawili cha wanaume watatu. Baba wa mtoto ni nani? Riwaya inakataa kusema, na wahakiki wengi huusifu ukimya huo. Sisi tunauona kuwa nusu ni ufundi na nusu ni dhuluma. Ukimya wa mtu aliyepewa nafasi ya kusema akanyamaza si sawa na wa mtu ambaye hakupewa.

Tunalisema hili kwa walimu hasa. Nchini Uganda Kiswahili kilibeba kwa muda mrefu sifa ya lugha ya kambi za jeshi, na hata baada ya Baraza la Mawaziri kukiidhinisha mwaka 2022 kuwa lugha rasmi, wanafunzi hukitumia kwa urahisi zaidi kuamrisha na kupatana bei kuliko kulalamika au kubembeleza. Kwa hiyo zoezi letu lilikuwa hili: Mariamu amjibu Pipa, kwa Kiswahili, kurasa mbili. Wengi walimtaja baba wa mtoto kabla ya mstari wa tano. Insha iliyopata alama za juu haikumtaja kabisa. Mariamu anamuuliza mumewe kwa nini hakuwahi kumuuliza nani alimuua.