Picha ya Mtoto kwa Rangi za Mafuta: Pa Kutazama Kabla ya Kulipa

Mzazi akiletewa picha ya mwanawe iliyochorwa kwa rangi za mafuta, swali la kwanza huwa moja: amefanana? Swali hilo ni la haki, ila halitoshi. Sura inaweza kunakiliwa kutoka kwenye picha ya simu na yeyote mwenye subira na rula ya kugawa miraba. Kigumu zaidi ni umri, na mimi huutafuta huo kabla ya kingine chochote. Je, huyu aliye kwenye turubai ana miaka minne kweli, au ni mtu mzima aliyepunguzwa kimo akavalishwa nguo za sikukuu?

Anza na macho. Kwa mtu mzima hukaa karibu na nusu ya urefu wa kichwa. Kwa mtoto hukaa chini zaidi, paji likatawala, na pua, mdomo na kidevu vikabanana hapo chini. Mtoto wa mwaka mmoja ana kimo cha vichwa vyake vinne hivi. Wa miaka sita hukaribia sita. Mtu mzima hufika saba au saba na nusu. Mchoraji aliyezoea kuchora wakubwa, mkono wake hukimbilia vipimo vya wakubwa bila yeye kujua, na mtoto huzeeka palepale.

Kisha tazama kingo. Mifupa ya uso wa mtoto haijajitokeza. Shavu humiminika shingoni, na vinywele vya pembeni mwa paji hupotelea kwenye ngozi. Mstari mmoja mkali ukizunguka uso mzima, kazi imekwama kwenye penseli. Midomo ndiyo husaliti haraka kuliko vyote: mpaka wa mdomo wa juu ukikazwa, mtoto anaonekana amepakwa rangi ya mdomo. Lakini usidanganywe na ulaini wa kila mahali pia, maana ukungu mtupu huficha mengi. Mchoraji stadi hukaza mahali pawili patatu tu, pengine kwenye kope la juu na kwenye kola, akalegeza kwingine kote. Alipokaza ndipo alipotaka jicho lako litue.

Kwa watoto wetu, ngozi ndiyo mtihani mkubwa, nami hapa sina huruma. Mchoraji mvivu huchukua kahawia moja: akitaka mwanga anaongeza nyeupe, akitaka kivuli anaongeza nyeusi. Matokeo yake ni paji lililopauka kama la mtoto aliyetoka kuoga bila kupakwa mafuta, na shavu lenye rangi ya masizi. Ngozi nyeusi hai hubeba rangi ya mwanga ulioiangukia. Mtoto akiwa barazani, kilele cha paji huwa na ubuluu wa anga; chini ya balbu huwa na umanjano. Kivuli chake kina joto, mara chekundu, mara cha rangi ya zambarau, na kwenye ncha ya sikio lililopigwa na jua kutoka nyuma utaona wekundu wa damu ukipenya. Sogea karibu na turubai uhesabu rangi zilizomo kwenye shavu moja. Zikiwa mbili tu, rudisha kazi.

Hilo la kuhesabu rangi unaweza kujifunza hata kwenye nguo nyeupe. Mwaka 1882 John Singer Sargent aliwachora mabinti wanne wa Edward Darley Boit huko Paris, kwenye turubai la zaidi ya mita mbili kila upande, ambalo leo liko Museum of Fine Arts, Boston. Aproni zao ni nyeupe, lakini ukizisogelea ni kijivu, buluu, maziwa na manjano hafifu. Nyeupe tupu haimo ila kwa mguso mdogo. Weupe wa jicho la mtoto nao unataka uangalifu huohuo. Ukipakwa nyeupe ya kopo, jicho hutumbuka.

Ukiwa hapo machoni, chunguza kimulimuli kwenye mboni. Kikiwa katikati kabisa, huenda picha imenakiliwa kutoka kwenye foto ya fleshi, na fleshi huua vivuli vyote vinavyoumba uso. Kikiwa na umbo la pete, mtoto alipigwa foto mbele ya taa ya duara. Foto yenyewe si dhambi, kwa kuwa mtoto wa miaka mitatu hatulii kitini. Kosa ni kuiamini. Simu iliyosogezwa karibu mno hukuza pua na kurudisha masikio nyuma, na mchoraji anayejua kazi husahihisha hayo kwa kumwona mtoto mwenyewe, hata kwa dakika chache akicheza. Ndiyo maana nina shaka na tabasamu la meno. Hakuna anayelishikilia kwa muda mrefu, kwa hiyo karibu kila mara limetoka kwenye foto, na meno yaliyotenganishwa moja moja kwa mistari hufanana na kibao cha kuhesabia.

Mikono hutazamwa na wachache, nami ningeomba itazamwe. Vifundo vya vidole vya mtoto ni vishimo; vya mkubwa ni vinundu. Mchoraji aliyeficha mikono yote miwili nyuma ya mwanasesere anastahili kuulizwa sababu.

Furaha ya wazazi nayo isichukuliwe kuwa kipimo cha mwisho. Renoir alipomchora Irène Cahen d'Anvers mwaka 1880, binti wa miaka minane, familia iliyoagiza haikuridhika. Leo ni miongoni mwa picha zake zinazopendwa sana.

Mwisho, uimara wa rangi zenyewe. Joshua Reynolds, rais wa kwanza wa Royal Academy ya London, alitumia wekundu usiostahimili mwanga, na nyuso kadhaa alizozichora zilipauka yeye angali hai. Kwa hiyo uliza jina la kila nyekundu iliyotumika shavuni, na uliza turubai ni la kitani au la pamba. Picha ikikabidhiwa wiki mbili baada ya kukamilika ikiwa tayari na vanishi nzito inayong'aa, uliza pia: rangi ya mafuta hushikika baada ya siku kadhaa, lakini ndani huendelea kukauka kwa miezi. Utaratibu wa kawaida ni kusubiri miezi sita hadi kumi na miwili. Andikeni kwenye makubaliano kwamba mchoraji atarudi kuipaka vanishi, na sehemu ya malipo ibaki hadi siku hiyo.