Baraza la Kiwanja cha Ndege

Watu wengi wanapokisifu kiwanja cha ndege husifu maduka yake. Watakuambia sakafu inang'aa, manukato yamepangwa mpaka jicho linachoka, na gari jipya limewekwa katikati ya ukumbi ili abiria ajaribu bahati yake. Sifa hizo huenda zikamfaa mtu anayeanza safari au anayeimaliza. Mimi nataka kusema juu ya abiria wa namna nyingine, yule anayepita tu. Ametoka Dar es Salaam anakwenda Toronto au Guangzhou, na katikati ya njia anateremshwa mahali ambapo hana shughuli napo, akae saa tatu, au saa kumi na moja, mpaka ndege yake ya pili iwe tayari. Mji hauoni. Anachokiona ni ukumbi, na ukumbi huo ndio nchi nzima kwake.

Mizani ya kupimia kumbi hizo nimeichukua nyumbani. Nyumba zetu za pwani, iwe Lamu, Mombasa, Unguja au Bagamoyo, zina baraza, kile kikalio kilichojengwa pamoja na ukuta wa mbele. Mgeni hukaa barazani bila kuingia ndani. Mwenye nyumba hajamfungulia mambo yake ya siri, lakini pia hakumwacha juani. Humpa kivuli, mahali pa kuketi, na maji akiomba. Ukumbi wa kubadilishia ndege ni baraza la nchi kwa mpita njia. Basi mimi huuliza mambo matatu: mgeni anatembezwa kiasi gani kabla ya kuketi? Anaulizwa nini mlangoni? Na usiku ukimkuta, ataweka wapi ubavu wake?

Nianze na miguu. Katika jambo hili Schiphol ya Amsterdam imewapita wengi, kwa sababu moja rahisi: majengo yake yote ya abiria yameunganishwa chini ya paa moja. Anayeshuka kutoka Kilimanjaro na kwenda Marekani hatoki nje wala hapandi basi. Hufuata ubao wa manjano mpaka lango lake. Anayekwenda Oslo au Roma hupita kwa afisa wa pasipoti, kwa kuwa anaingia eneo la Schengen, lakini bado yumo ndani ya nyumba ileile. Sisemi kwamba hapana kasoro. Mwaka 2022 wafanyakazi walipopungua, foleni za ukaguzi pale zilitoka mpaka nje ya jengo, na watu wengi waliachwa na ndege zao. Hata hivyo ramani ya jengo lenyewe ni ya mtu aliyemfikiria mpita njia.

Heathrow ya London haikujengwa hivyo. Ilikua kipande kwa kipande: Jengo la Tano lilifunguliwa mwaka 2008 upande wa magharibi, na Jengo la Nne liko kusini, ng'ambo ya njia ya kurukia. Anayebadili ndege kutoka jengo moja kwenda jingine hupakiwa basi, kisha hukaguliwa upya. Kijana mwenye begi la mgongoni ataliona jambo dogo. Mzee mwenye magoti mabovu, au mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, ataliona vingine.

Wala tusidhani ugonjwa huu ni wa Wazungu peke yao. Jengo la Pili la kiwanja chetu cha Dar es Salaam lilifunguliwa mwaka 1984. Lilichorwa na Paul Andreu, Mfaransa yule yule aliyechora Jengo la Kwanza la Charles de Gaulle mjini Paris lililofunguliwa mwaka 1974. Mwaka 2019 tukafungua Jengo la Tatu kwa safari za nje, lenye uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, na safari za ndani zikabaki Jengo la Pili. Jengo jipya ni zuri, nami nalionea fahari. Lakini abiria anayetoka Mwanza kwenda ng'ambo anashuka nyumba moja na kupandia nyumba nyingine, na kati yake pana barabara.

Sasa mlango. Hapa ndipo wasifiaji wa viwanja wanaponyamaza, kwa sababu wengi wao wana pasipoti ambazo haziulizwi kitu. Kwa mwenye pasipoti ya kwetu, swali la kwanza juu ya kiwanja cha kupitia ni kama ataruhusiwa kukanyaga sakafu yake. Marekani haina baraza kabisa. Kila anayeshuka huko kutoka nje, hata kama anapita tu kwenda Meksiko, hupita uhamiaji kama anayeingia nchini, na kwa wengi wetu maana yake ni viza. Palikuwa na utaratibu wa kupita bila viza, nao ulisimamishwa Agosti 2003. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hutakiwa kuwa na viza hata wasipotoka nje ya ukumbi wa kubadilishia ndege. Tanzania imo, Kenya imo, na Uganda imo, ingawa kuna wanaosamehewa, kama wenye viza za Marekani au Kanada, wakitimiza masharti. Nchi za Schengen nazo zina orodha yao ya pamoja ya mataifa 12. Sisi hatumo, lakini ndugu zetu wa Kongo ya Kinshasa na wa Somalia wamo.

Najua kwamba sheria hizi hazitungwi na wenye viwanja. Lakini abiria hakutani na bunge. Anakutana na kijana wa kaunta, tena mara nyingi hapa hapa nyumbani, anayemwambia kuwa hawezi kupanda ndege. Ndiyo maana tiketi ya kupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul huweza kuwa bora kwetu kuliko ya njia iliyonyooka zaidi.

Na anayetaka kujua kukaa barazani bila mlango wa mbele wala wa nyuma ni nini, amkumbuke Mehran Karimi Nasseri, mkimbizi kutoka Iran. Kwa ajili ya matatizo ya hati zake aliishi katika Jengo la Kwanza la Charles de Gaulle tangu mwaka 1988 mpaka 2006, na Novemba 2022 alifia katika kiwanja hicho hicho. Watu walimfanyia filamu na kumcheka kidogo. Mimi naona alikuwa abiria kama sisi, ila saa zake za kungoja zilikosa mwisho.

La tatu ni usiku. Hapa Changi ya Singapore na Hamad ya Doha zinastahili sifa zake. Hamad, iliyofunguliwa mwaka 2014, ina vyumba vya utulivu, vya wanaume mbali na vya wanawake mbali, vyenye viti vya kujinyoosha bila malipo. Changi nayo imeweka mahali pa kupumzikia ambapo hakuna anayekudai. Lakini hata Changi ina somo lake. Mwaka 2019 ilifungua jumba la Jewel lenye maporomoko ya maji ya mita 40, na picha zake zimezunguka dunia. Maji hayo yako nje ya uhamiaji. Abiria asiye na ruhusa ya kuingia nchini huyatazama kupitia kioo cha treni inayopita ndani ya jumba hilo. Pambo kubwa kuliko yote likawekwa upande wa wenye ruhusa.

Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani anayepita pale usiku na shati jepesi atajua maana yake. Abebe shuka au kitenge kizito. Kuna kiwanja kingine, jina nitaliacha, ambako nilikaa usiku kucha. Viti vyote vilikuwa na vyuma vya kugawia, kusudi mtu asilale. Bomba la maji ya kunywa sikuliona, ila chupa zilizouzwa kwa bei ya chakula. Karibu yangu palikuwa na bibi mmoja wa Tanga aliyekuwa akienda kuwaona wajukuu. Alitandika khanga yake sakafuni, akanikaribisha upande mmoja, akasema, "Kaa mwanangu, nyumba ya watu hii." Yule bibi alijua ubaraza kuliko waliochora jengo.

Wapo watakaoniambia kwamba maduka ndiyo yanayolipia paa, na kwamba aliyenunua tiketi ya bei nafuu asidai godoro. La kwanza ni kweli. Fedha za maduka huendesha viwanja vingi. La pili silikubali. Sidai godoro. Kiti kisicho na chuma, bomba la maji, msala wa kuswalia na ubao unaosomeka havigharimu kama maporomoko ya mita 40. Vikikosekana, si kwa umaskini. Nairobi ilituonyesha hivyo tarehe 7 Agosti 2013, moto ulipoteketeza jumba la kuwasili la Jomo Kenyatta: abiria walipokewa katika mahema, na safari zikaendelea. Mgeni hupokewa hata hemani, mwenyeji akitaka.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa miguu naiweka mbele Schiphol, kwa usiku Changi na Hamad, na kwa mlango nampa tuzo yeyote anayemwacha mpita njia apite bila kumdhania mwizi wa makazi. Nawe msomaji, ukimkatia mzazi wako tiketi, usitazame bei peke yake. Uliza kama safari zote mbili zimo katika tiketi moja, ili ya kwanza ikichelewa shirika liwajibike kumfikisha. Uliza kama begi lake limeandikiwa mpaka mwisho wa safari. Uliza kama pasipoti yake inahitaji viza ya kupita. Na uhesabu saa zitakazomwangukia usiku. Kisha mfungie khanga mbili katika begi la mkononi, moja ya kutandika na moja ya kujifunika.