Pongezi kwa Wahudumu wa Afya wa Goweko

Goweko, kata ya Wilaya ya Uyui iliyo kando ya Reli ya Kati, imo katika nchi ya Unyamwezi, ambako misafara ya karne ya 19 ilipitisha pembe za ndovu na nguo, na pamoja navyo ndui, maradhi yaliyofuata nyayo za wapagazi. Leo, katika vijiji vya kata kama hiyo, anayebisha hodi kwa habari za afya ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yaani mwanakijiji aliyepewa mafunzo mafupi ili awatembelee jirani zake, awaelimishe na kuwapa wagonjwa rufaa. Kazi hiyo kwa miaka mingi imefanywa kwa kujitolea.

Ustadi wa mhudumu huyo huonekana mikononi. Utepe wa kupimia huzungushwa katikati ya mkono wa juu wa kushoto wa mtoto wa miezi 6 hadi 59, bila kukazwa wala kulegezwa, na ukisoma chini ya sentimita 11.5, penye rangi nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali na hapaswi kucheleweshwa kufika kituoni.

Kijana aliyeanzia katika kazi hiyo, akijiunga na chuo cha afya, huingia darasani akijua kwa nini mama huacha kurudi kliniki, jambo ambalo epidemiolojia, elimu ya mtawanyiko wa maradhi katika jamii, hulifikia kwa kuzunguka sana. Mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa Januari 2024, umelenga wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wakilipwa posho. Posho hiyo ni haki yao, na ifike kwa wakati.