Jiisama wa Tomogi: Waumini Waliosahaulika katika Riwaya ya Shūsaku Endō

Darasani kwetu riwaya ya Shūsaku Endō, Chinmoku (yaani Kimya), ilijadiliwa kwa vipindi viwili, na vyote viwili viliishia kwenye mguu wa Padri Rodrigues. Alipoikanyaga sanamu ya Kristo ili wakulima waliokuwa wakiteswa waachiliwe, je, aliasi au alitimiza upendo? Wenzangu waligawanyika, mwalimu akafurahi, nami nikatoka na swali ambalo sikupata nafasi ya kuliuliza: wakulima wale ni akina nani? Makala haya ni jaribio la kulijibu, na jibu langu linailaumu riwaya ambayo naipenda.

Kwa asiyeisoma, riwaya hii ilitoka mwaka 1966, na wengi wetu tunaisoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya William Johnston. Inasimulia mambo ya karne ya 17, baada ya Ukristo kupigwa marufuku nchini Japani mwaka 1614. Sebastião Rodrigues, Mjesuiti kutoka Ureno, anaingia kwa siri pamoja na mwenzake Garrpe. Anayewaongoza ni Kichijiro, mlevi na mwoga ambaye baadaye atamsaliti. Rodrigues anataka kujua kama ni kweli kwamba mwalimu wake wa zamani, Padri Ferreira, ameikana imani.

Sura nne za mwanzo ni barua za Rodrigues mwenyewe, na kwangu ndizo bora kuliko zote. Mapadri wanafichwa katika kibanda cha wachoma mkaa, mlimani juu ya kijiji cha Tomogi. Mchana hawatoki. Usiku wanakijiji wanapanda na chakula kidogo walichojinyima, watoto wanabatizwa, maungamo yanasikilizwa kwa Kijapani cha kubahatisha, misa inasomwa gizani. Mvua inavuja, chawa wanauma. Wakulima wanaomba kitu cha kushika, msalaba au medali, na vitu vinapokwisha padri anaikata rozari yake na kuwagawia punje mojamoja. Kisha anaanza kuwa na wasiwasi: je, wanamheshimu Mungu au wanaheshimu punje? Anayefahamu maisha ya kigango cha mbali, ambako padri hufika mara chache, ataitambua hali hii mara moja.

Ndani ya barua hizo mna maelezo mafupi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo moyo wa kitabu. Rodrigues anaeleza jinsi kijiji kilivyojipanga tangu mapadri walipotoweka. Yuko mzee aitwaye jiisama, mwenye jukumu la kubatiza. Chini yake wapo wanaofundisha sala na mafundisho kwa siri, na chini yao wasaidizi. Wamekadiria wenyewe sikukuu za Kanisa zinaangukia lini. Kwa maneno mengine, padri amekuta parokia inayotembea. Anaisifu kwa sentensi chache, halafu anarudi kwenye furaha yake ya kuona kwamba anahitajika.

Hapo ndipo lawama yangu inapoanzia. Ukifuatilia taswira ambazo Rodrigues anawachorea wakulima, utaona kwamba anawalinganisha na farasi na ng'ombe, wanaofanya kazi kama wanyama na kufa kama wanyama. Anawahurumia kwa dhati, lakini huruma hiyo haiwapi akili. Hata Mokichi na Ichizo, wawili wanaopewa majina na sura, wanapofungwa kwenye miti baharini ili maji yanayojaa yawaue polepole, macho ya msimulizi hayakai kwao kwa muda mrefu. Yanahamia kwenye bahari, na kutoka bahari hadi kwenye ukimya wa Mungu unaomtesa padri. Mokichi anaimba pale majini. Alimwambia nini Mungu? Hatujui.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba huo ndio ufundi wa Endō: ametumia nafsi ya kwanza makusudi ili tuone upofu wa mmisionari. Jibu hilo lina nguvu hadi sura ya nne. Kuanzia sura ya tano barua zinakoma na usimulizi unahamia nafsi ya tatu. Msimulizi sasa yuko huru. Angeweza kuingia katika nyumba ya jiisama, au kuketi na wajane wa Tomogi. Lakini anabaki begani kwa Rodrigues. Kwa hiyo upofu huo si wa mhusika peke yake.

Yuko mmoja anayeuponyoka kwa muda mfupi. Ni Monica, mkulima aliyekamatwa pamoja na padri, anayemgawia tango. Anamwambia kwamba mbinguni hakuna kodi, njaa wala kazi ya kulazimishwa. Rodrigues anakaribia kumsahihisha, kisha ananyamaza. Ninaupenda ukurasa huu kuliko ule wa kukanyaga sanamu, kwa sababu hapa mwanamke aliyechoshwa na kodi anamhubiria padri, naye padri hana la kujibu.

Historia yenyewe inanipa hoja. Tarehe 17 Machi 1865 watu kutoka Urakami walifika katika kanisa jipya la Oura, Nagasaki, wakamwambia Padri Bernard Petitjean kwamba mioyo yao na yake ni mamoja, wakauliza sanamu ya Bikira Maria iko wapi. Walikuwa wameishi zaidi ya miaka mia mbili bila padri. Katika jumuiya kama hizo alikuwepo aliyetunza kalenda, na alikuwepo mbatizaji, aliyeitwa mizukata, jina linalotokana na neno maji. Endō aliandika karne moja baada ya siku hiyo. Hata hivyo katika kitabu chake anamtia Ferreira mdomoni hoja kwamba Japani ni kinamasi kinachoozesha mizizi ya imani ya kigeni, na ndani ya riwaya hakuna mkulima anayepewa nafasi ya kuijibu.

Msomaji wa Uganda hawezi kulipita jambo hili haraka. Sisi tunawakumbuka mashahidi wa Namugongo kila tarehe 3 Juni, ila tunasahau kwamba mapadri wa kwanza waliondoka Buganda mwaka 1882 na kurudi 1885. Katika kipindi hicho waumini kama Yosefu Mukasa Balikuddembe ndio waliofundisha wenzao.

Tazameni pia jinsi kitabu kinavyomalizika. Baada ya Rodrigues kukanyaga, usimulizi unapitia shajara ya karani Mholanzi wa Dejima, na mwishoni kabisa shajara ya ofisa wa nyumba walimofungiwa Wakristo. Padri Mreno ameandika, mfanyabiashara Mholanzi ameandika, mlinzi wa gereza ameandika. Jiisama wa Tomogi, aliyebatiza watoto kwa miaka yote ile, hana hata barua moja. Mwakani riwaya hii ikirudi kwenye ratiba yetu, ningependa kipindi cha kwanza kianzie kwake.