Heko kwa Wanaouguza

Jengo la zamani la Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, karibu kabisa na bahari. Madaktari na wauguzi wake wanastahili heshima. Lakini wapo wengine wasiolipwa mshahara: ndugu wanaouguza.

Matibabu ya mionzi huchukua wiki kadhaa, kwa kawaida Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa mgonjwa aliyetoka Kigoma au Songea, huko ni kukaa mbali na nyumbani mwezi mzima, pengine zaidi. Basi dada mtu hufunga genge lake, akamsindikize. Ndiye anayekumbuka kwamba alama za wino zilizochorwa mwilini hazisuguliwi wakati wa kuoga. Ndiye anayepooza uji kwa sababu dawa za kemo zimeacha vidonda mdomoni. Na siku mgonjwa akikataa kula, yeye huketi tu pembeni, hamlazimishi.

Hiyo nayo ni kazi, tena ngumu.

Ukiwa na jirani anayeuguza, usiishie kumpa pole. Mpelekee chakula, mpokee zamu ya usiku mmoja, mchangie nauli.