Uhakiki wa Kijitabu Kisicho na Maneno

Wahakiki wetu wamezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Sijapata kumwona hata mmoja aliyekaa chini akahakiki kile kijitabu kinachotiwa ndani ya sanduku la kabati la kujiundia mwenyewe. Hata hivyo, kwa mtazamo wangu, kijitabu hicho husomwa kwa makini kuliko vitabu vingi vya fasihi, maana msomaji akikosea ukurasa mmoja, adhabu yake huiona palepale sakafuni. Kwa hiyo naomba nikihakiki, kwa kufuata njia ile tuliyofundishwa shuleni ya kutazama fani na maudhui. Suala langu kubwa ni mpangilio: kipi kitangulie, kipi kifuate, na kwa sababu gani.

Nilikutana na kijitabu hicho Birmingham, Uingereza, nilipokwenda kukaa kwa binti yangu aliyekuwa amejifungua mtoto wa pili. Alikuwa amenunua seti ya makabati: fremu tatu za kusimama ubavu kwa ubavu, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 236 na kina cha sentimita 60, pamoja na kabati fupi la droo la kuweka nguo za watoto. Vyote vilikuja vimelazwa bapa katika masanduku. Mkwe wangu alirudi kazini jioni, akavua koti, akaniuliza, "Baba, tuanze na lipi?" Nami, kwa kuwa nilikulia karibu na karakana ya seremala, nikamjibu kwa kujiamini, "Tuanze na kubwa, mwanangu. Dogo halitushindi." Jibu hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Kabla ya kukihukumu kijitabu, yafaa tujue ukoo wake. Fikra ya kuuza samani zikiwa vipande si ngeni. Michael Thonet, fundi aliyefanya kazi Vienna, alitoa mwaka 1859 kiti chake namba 14, chenye vipande sita vya mbao vilivyoshikwa kwa skrubu, na viti 36 vilivyofumuliwa viliweza kuingia katika sanduku la ujazo wa mita moja. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1956, Gillis Lundgren wa kampuni ya IKEA ya Sweden aliing'oa miguu ya meza ili iingie katika gari. Ni yeye huyohuyo aliyebuni rafu za vitabu ziitwazo BILLY, zilizoanza kuuzwa mwaka 1979. Tangu hapo kazi ya mwisho ya seremala imehamia nyumbani kwa mnunuzi, na kijitabu ndicho kilichoachiwa kumfundisha.

Tukianza na fani, sina budi kukisifu. Kile tulichokuwa nacho hakikuwa na neno hata moja. Kilikuwa na michoro mitupu: kimtu kisicho na nywele, mbao, skrubu zenye namba, na mishale. Ubora wa fani hii ni kwamba haimbagui mtu. Mama mkwe wa binti yangu, ambaye Kiingereza chake ni cha sokoni tu, alikisoma sawasawa na mwanawe aliyesoma chuo kikuu. Tumezoea dawa, redio na mashine kutufikia zikiwa na maelezo ya lugha nne tano, na yetu haimo. Hapa hakuna lugha iliyokaa mbele na nyingine nyuma.

Lakini fani hiyohiyo ndiyo inayozaa upungufu wake mkubwa. Mchoro unaweza kusema "fanya hivi". Hauwezi kusema "kwa sababu". Na mtu aliyeambiwa mpangilio bila sababu zake hufuata kama kasuku, mpaka siku chumba chake kisipofanana na chumba cha mchoraji.

Sisi chumba chetu hakikufanana nacho. Kijitabu kilituonyesha fremu ikiundwa imelala chali sakafuni, kisha watu wawili wakiisimamisha. Tukafanya hivyo kwa saa nzima. Tulipoinyanyua, ukingo wa juu ukagota dari. Dari ilikuwa na kimo cha sentimita 240, na fremu ina 236, basi tulidhani imepita. Tulisahau kwamba kitu kinachosimamishwa hakipiti kwa urefu wake, hupita kwa ulalo wake. Piga hesabu mwenyewe, msomaji: urefu wa 236 na kina cha 60 vinazaa ulalo wa karibu sentimita 243 na nusu. Tukaifumua fremu yote, tukaiunda upya ikiwa imesimama, mmoja ameshika mbao, mwingine anakaza. Mchoro wa dari ulikuwamo kijitabuni, lakini ulikuwa ukurasa wa 14, baada ya fremu kumalizika. Mtunzi alijua jambo hilo, akalitaja mahali ambapo halikumfaa mtu tena.

Nikiingia katika maudhui, naona nieleze mpangilio ambao mimi naushika sasa, baada ya fremu tatu na makosa yasiyopungua saba.

La kwanza ni kupima kabla ya kufungua sanduku: ukuta, dari na mlango. Kabati huundwa katika chumba litakamokaa, maana lililoundwa sebuleni huenda lisipite mlangoni. La pili ni kusoma kijitabu chote mpaka mwisho, kuhesabu skrubu na kuzitenga katika vibakuli kwa namba zake. La tatu ni kuchomeka vijiti vya mbao na skrubu fupi katika mbao zote zikiwa bado zimelala, na kuhakikisha ukingo uliopakwa rangi unatazama mbele. Sisi tuligeuza ubao mmoja, tukagundua baada ya kufunga upande wa pili.

La nne ndilo kiini. Rafu zilizoshikwa kwa vijiti haziingii kutoka mbele. Huingia kutoka ubavuni tu, kwa sababu kijiti kinahitaji ubao usogezwe kando ili kizame tunduni. Kwa hiyo kwa rafu za vyumba vya mraba, zile zinazopangwa kama ubao wa drafti, mtu hulaza upande mmoja, hujenga vigawanyo vya ndani tabaka kwa tabaka, na upande wa mwisho hufunga kazi kama kifuniko. Anayefunga pande zote nne kwanza, akitumaini kuingiza vya ndani baadaye, amejifungia nje. Kanuni yake ni rahisi: kisichoweza kuingia baadaye, kiingie sasa.

La tano ni kutokaza haraka. Kile kichuma cha duara ambacho huzungushwa kwa bisibisi mpaka kikaivuta skrubu ya ubao wa pili, kizungushwe kidogo tu mwanzoni, mpaka viungo vyote vikae. Hapa nilikumbuka kitanda cha kamba cha kwetu pwani. Matendegu na mifumbati huchomekwa kwanza vikiwa vinachezacheza, na mtu asiyejua angesema kitanda hiki kibovu. Kamba zinapowambwa ndipo vyote hushikana. Katika kabati, kazi ya kamba hufanywa na ule ubao mwembamba wa mgongoni ambao watu wengi huudharau. Pima ulalo kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, kabati liko mraba, na hapo ndipo ukaze viungo na kupigilia mgongo. Ukiupigilia likiwa limepinda, umelipindisha maisha, na milango haitakutana kamwe.

Vipi kuhusu fremu nyingi? Mkwe wangu alitaka kumaliza kabati moja kabisa, mpaka milango, ndipo tushike la pili. Mimi nilitaka tuchomeke vijiti vyote vya fremu zote kwa pamoja, kama kiwandani. Leo nadhani kila mmoja alikuwa na nusu ya haki. Fremu ya kwanza iundwe peke yake, maana ndiyo mwalimu, na kosa lake huwa moja badala ya matatu. Zinazofuata ziende kwa pamoja, hatua kwa hatua. Kisha zote zisimamishwe kuanzia pembeni mwa chumba, zisawazishwe kwa pimamaji, zifungwe moja kwa nyingine na zote ukutani. Milango na droo ni vya mwisho, na bawaba hurekebishwa baada ya nguo kuingia, kwa kuwa mzigo hulishusha kabati kidogo.

Nimesema "zote ukutani" kabla ya droo. Hapo ndipo ninapotofautiana na kijitabu kwa dhati, na sisemi kwa ubishi wa fundi.

Lile kabati fupi la droo tuliliunda usiku wa pili. Kijitabu chake kilionyesha kulifunga ukutani katika ukurasa wa mwisho kabisa, baada ya droo zote kuingia na mtu kulitazama kwa furaha. Tulifika hapo saa sita za usiku, tumechoka, mtoto mchanga amelala chumba cha pili, na kutoboa ukuta kungemwamsha. Nikasema, "Mwanangu, hilo tutalimaliza kesho." Asubuhi, mjukuu wangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka miwili na nusu, alizifungua droo tatu za chini, akazipanda kama ngazi. Kabati likainama. Lilizuiliwa na ukingo wa kitanda, naye akabaki katikati, analia kwa hofu, hana hata mkwaruzo. Nililia zaidi yake.

Sikuwa na haki ya kumlaumu mtunzi peke yake. Aliyesema kesho ni mimi. Lakini mpangilio nao una lawama yake. Jambo lililowekwa mwisho kabisa, baada ya kazi kuonekana imekwisha, msomaji hulichukua kama pambo. Wala hofu hii si ya kwangu pekee. Juni 2016, baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa, IKEA iliyaondoa sokoni makabati ya droo yapatayo milioni 29 yaliyokuwa yameuzwa Marekani, ikawapa wateja fursa ya kurudishiwa fedha au kupewa vifaa vya kuyafunga ukutani. Desemba 2022 ikatiwa saini sheria ya huko iitwayo STURDY, inayotaka makabati ya nguo yapimwe uthabiti wake, ikiwa ni pamoja na hali ya droo kuwa wazi na kuwa na mzigo. Sheria hiyo inamdai mtengenezaji wa kabati. Kwa maoni yangu, mtunzi wa kijitabu naye anastahili kudaiwa.

Laiti ningepewa kalamu, ningefanya mabadiliko mawili tu. Mchoro wa dari ningeuweka ukurasa wa kwanza. Na mchoro wa kufunga ukutani ningeuweka kabla ya droo ya kwanza, pamoja na kichoro kidogo cha mtoto anayepanda. Hicho kingesema "kwa sababu" bila neno, na fani yake isingeharibika.

Mkwe wangu alitoboa ukuta asubuhi ileile, mtoto mchanga akilia chumba cha pili. Hakuna aliyemnyamazisha fundi. Kijitabu nilikihifadhi, nikarudi nacho nyumbani, na kimo katika rafu yangu pamoja na diwani na riwaya. Kwenye ukurasa wake wa mwisho nimeandika kwa mkono: huu usomwe kabla ya droo.